SOMO LA ROBO MWAKA: WIKI YA MMISIONARI KIJANA NA DAFTARI LA SHUKRANI



Mara kwa mara baadhi ya jumuiya zetu hupata mgeni wa namna ya pekee. Ni kijana mlei, mara nyingi wa miaka kati ya 20 na 30, anayetumwa na Kanisa la nchi nyingine kuja kuishi na kutumika kati yetu kwa miezi kadhaa au mwaka mzima. Hana daraja la upadre wala nadhiri za kitawa, na wala si mtaalamu aliyebobea. Anakuja na begi lake, kamusi ndogo na nia njema. Wahisani wanamlipia nauli, na sisi tunampa mahali pa kulala na chakula. Muda wake ukiisha anaondoka, anaandika barua ya shukrani, na wengi wetu tunadhani jambo limeishia hapo.

Katika somo hili tunataka kuonyesha kuwa haliishii hapo. Barua ile ya shukrani inaweza kujenga, na inaweza kubomoa. Lengo letu ni kuzisaidia kamati kupanga vema wiki ya mmisionari kijana, na kuwasaidia wote, yaani mgeni, wenyeji na wahisani, kushukuru kwa ukweli. Mnaweza kulitumia somo katika vikao viwili vya saa moja na nusu kila kimoja. Andaeni Biblia, daftari moja na kalamu.

1. TULIVYOJIFUNZA KWA KUKOSEA

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulimpokea binti mmoja kutoka Ulaya, akakaa mwaka mzima kwenye familia moja huko Tumati, wilayani Mbulu. Alikuwa mchapakazi, mpole, na watoto walimpenda. Alipomaliza muda wake aliandika barua ya shukrani kwa wahisani. Sisi ofisini tuliipokea, tukaituma bila kuisoma kwa makini, kisha tukapeleka nakala kwenye kamati kama ilivyo desturi.

Katibu wa kamati aliisoma kwa sauti kikaoni, akitafsiri kwa Kiswahili. Barua ilishukuru kwa tiketi ya ndege, kwa bima ya afya, kwa maombi ya parokia ya nyumbani, na kwa nafasi ya kuwasaidia watu maskini ambao hawana kitu. Mama aliyemlea binti yule mwaka mzima alikuwepo kikaoni. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kumbe hatukuwa na kitu? Na yale maziwa aliyokunywa kila asubuhi, yalitoka wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwaka uliofuata tulipoomba familia ya kumpokea kijana mwingine, hakuna mkono ulionyoshwa. Hakuna aliyegomba wala kulalamika. Mlango ulifungwa kimya kimya.

Binti yule hakuwa na kiburi. Aliandika alivyozoea kuona barua za namna ile zikiandikwa. Kosa lilikuwa la kwetu, kwa kuwa hatukumfundisha kuona alichokuwa anapokea, na hatukuwafundisha wahisani kwamba wao si wafadhili peke yao. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

2. NENO LA MUNGU

Someni kwanza Luka 10:1-9. Bwana Yesu anawatuma wanafunzi 72 wawili wawili. Tuangalie masharti aliyowapa. Hawachukui mfuko wala mkoba. Wakiingia katika nyumba wanatoa amani kwanza, kisha wanakaa humo humo, wanakula na kunywa wanachopewa, na hawahamihami nyumba kwa nyumba. Kabla ya kuponya wagonjwa na kutangaza Ufalme wa Mungu, mtumwa wa Bwana anaanza kwa kupokea. Anaketi mezani kwa wengine akiwa mhitaji.

Kisha someni Luka 17:11-19, habari za wakoma kumi. Waliponywa wote, akarudi mmoja kushukuru, naye alikuwa Msamaria, yaani mgeni. Mara nyingi tunafikiri kuwa mgeni ndiye anayeleta na mwenyeji ndiye anayepaswa kushukuru. Hapa Injili inatuonyesha mgeni akirudi kutoa shukrani.

Mwisho someni Wafilipi 4:10-20. Mtume Paulo yuko kifungoni, anawaandikia Wafilipi kuwashukuru kwa msaada wao. Hashukuru kwa maneno ya jumla. Anawakumbusha ulikuwa wakati gani, anataja kwamba walimsaidia hata alipokuwa Thesalonike, na kwamba ilikuwa zaidi ya mara moja, na anamtaja Epafrodito aliyeuleta msaada. Shukrani ya Paulo ina mahali, ina idadi na ina jina la mtu. Huo ndio mfano tunaotaka kuufuata.

3. WIKI MOJA TUMATI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pia walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hizi mbili zinakwenda pamoja. Ya kwanza inamwambia mwenyeji asimfanye mgeni kuwa pambo la kutazamwa. Ya pili inamkumbusha kwamba ujio wa mgeni ni neema. Wiki iliyopangwa vema hutimiza zote mbili. Wiki tunayoieleza hapa chini ni ya mfano. Tumeikusanya kutokana na yale tuliyoyaona kwa vijana mbalimbali, na kila kamati iirekebishe kulingana na mazingira yake.

Jumapili. Kijana anasali na kigango kilicho karibu. Padre asipofika, katekista anaongoza ibada, na kijana anakaa kati ya waamini wengine, si kiti cha mbele. Baada ya ibada kuna mnada wa matoleo nje ya kanisa: kuku, mayai, mahindi, vitunguu saumu. Asishangae akiona mtu ananunua kuku kwa bei kubwa kisha anampa yeye. Anapaswa kujua kuwa amepewa mara mbili, na aliyemleta kuku na aliyemnunua.

Jumatatu. Asubuhi ni lugha. Vijana wengi hufika wakiwa wamejifunza Kiswahili kidogo, wakadhani kazi imekwisha. Lakini Tumati ni nchi ya Wairaqw, na bibi wengi huzungumza Kiiraqw nyumbani. Mbulu na maeneo yanayoizunguka ni mahali pa ajabu kwa lugha. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha jamii ya Kiniloti, Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao yenye sauti za kidoko, na majirani Wanyaturu wanasema lugha ya Kibantu. Kijana atafutiwe mwalimu, hata kama ni mwanafunzi wa sekondari, wa kumfundisha maneno matatu ya Kiiraqw kila siku. Mwalimu huyo ni mtoaji, na aandikwe hivyo. Mchana kijana anasaidia shuleni kusoma na watoto, akiwa chini ya mwalimu wa darasa.

Jumanne. Anakwenda na wanawake wa WAWATA kutembelea wagonjwa na wazee. Haendi peke yake, na haendi na kamera. Anabeba kuni au maji kama wenzake. Amsalimie kila mzee kwa Shikamoo, na asubiri kuulizwa kabla ya kuuliza.

Jumatano. Jioni ni jumuiya ndogo ndogo, au siku yoyote ambayo jumuiya imejipangia. Maaskofu wa Afrika Mashariki wanaokutana katika AMECEA waliziweka jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji tangu miaka ya 1970. Kijana asipewe somo la kufundisha katika miezi mitatu ya kwanza. Asikilize kwanza.

Alhamisi. Ni siku ya jembe. Anakwenda shambani na familia anayokaa nayo, kupalilia mahindi na maharage au kukata majani ya ng'ombe. Atapalilia mstari mmoja wakati binti wa nyumba amemaliza mitatu. Watu watacheka, na kicheko hicho ni dawa. Anayechekwa shambani kwa upendo hawezi kurudi kwao akasema kuwa wenyeji wake hawajui kazi.

Ijumaa. Anafanya kazi za ofisi ya parokia: kuandika, kupanga kumbukumbu, kusaidia vijana wa VIWAWA katika shughuli zao. Kama ana ujuzi wa kompyuta, amfundishe mtu mmoja hadi aweze, kuliko kuifanya kazi yote mwenyewe kisha aondoke nayo kichwani.

Jumamosi. Anafua nguo zake mwenyewe, anachota maji, anapumzika, anaandika nyumbani. Jioni anafungua daftari tutakalolieleza. Kamati isisahau kuwa kijana huyu ana upweke. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, nyanda za juu za Mbulu huwa na ukungu na usiku mrefu, na kijana aliye mbali na mama yake anaweza kulia bila kusema. Mtu mmoja, mwanamke kwa binti au mwanamume kwa mvulana, ateuliwe kuwa mlezi wake wa kumsikiliza.

Aidha, Wairaqw wana mapokeo ya slufay, sala ambayo mzee mmoja huiongoza na wote waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Kijana akipata bahati ya kuwepo, ajifunze kuitikia. Katika sala ile baraka haitoki kwa msemaji peke yake. Bila waitikiaji haikamiliki. Umisionari nao uko hivyo.

4. DAFTARI LA PANDE MBILI

Baada ya kosa letu tulianza utaratibu rahisi. Kila mmisionari kijana anapewa daftari la kawaida la shule. Kila Jumamosi anafungua ukurasa mpya na kuchora mstari katikati. Upande wa kushoto anaandika: Nilichotoa wiki hii. Upande wa kulia: Nilichopokea wiki hii, na kutoka kwa nani. Ni lazima aandike vitu halisi, si hisia tu.

Tuchukue mfano. Upande wa kushoto: saa 6 za kusoma na watoto, mstari mmoja na nusu wa mahindi, kupanga faili za ubatizo. Upande wa kulia: maziwa nusu lita kila asubuhi, ndoo moja ya maji ya lita 20 kila siku iliyochotwa na binti wa nyumba, kitanda cha binti huyo ambaye sasa analala na mdogo wake, kuku mmoja wa mnada, maneno 15 ya Kiiraqw.

Sasa fanyeni hesabu. Maziwa ya nusu lita kwa siku ni lita 3.5 kwa wiki, na kwa robo mwaka ya wiki 13 ni lita 45.5. Ndoo moja ya lita 20 kila siku ni lita 140 kwa wiki, na kwa robo mwaka ni lita 1,820. Maji hayo yote yamepanda kilima kichwani mwa mtu. Katika taarifa zetu za zamani, lita hizo 1,820 hazikuonekana popote. Tiketi ya ndege ilionekana kwa sababu ilikuwa na stakabadhi. Mchango wa mama na binti yake haukuonekana kwa sababu hakuna anayetoa stakabadhi ya ndoo.

Tuelewane vizuri: daftari hili si la madeni. Mtu akijaribu kulipa ukarimu kwa bei ya sokoni atamwaibisha mwenyeji wake. Lakini kuna mambo mawili ambayo daftari linatuwezesha kuyafanya. Kwanza, kamati inaona mzigo umemwangukia nani. Mara nyingi umewaangukia wanawake na wasichana. Kamati ikiona hivyo iweke zamu: jumuiya hii ilete kuni wiki hii, nyingine ilete unga, vijana wachote maji, na mgeni naye abebe ndoo yake. Pili, barua ya shukrani inapata ukweli wake.

Kila mwisho wa robo, kijana, mlezi wake, familia inayomlea na wajumbe wawili wa kamati wakae pamoja na kusoma kurasa zote 13. Barua kwa wahisani iandikwe kutokana na daftari, na isomwe mbele ya wenyeji kwa lugha wanayoielewa kabla ya kutumwa. Kama kuna neno ambalo mwandishi angeona aibu kulisoma mbele ya mama mwenye nyumba, neno hilo lifutwe. Picha za watoto zisitumwe bila ridhaa ya wazazi.

5. NENO KWA WAHISANI

Ndugu wahisani, msidhani tunapunguza thamani ya mchango wenu. Tunawatafutia wenzenu.

Mwaka 1822, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, binti mlei aitwaye Pauline Jaricot, aliyezaliwa mwaka 1799, alikuwa nyuma ya kuanzishwa kwa Shirika la Uenezaji wa Imani. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: watu wajipange kumi kumi, kila mmoja asali kila siku na kutoa senti moja kila wiki kwa ajili ya misioni. Wengi wa watoaji walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Baadhi ya fedha za mwanzo zilikwenda Marekani, ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa nchi ya misioni, na iliendelea kuhesabiwa hivyo hadi mwaka 1908. Leo Wakatoliki wa Marekani ni miongoni mwa wanaotoa kwa wingi. Shirika hilo lilifanywa kuwa la Kipapa mwaka 1922, na Jaricot alitangazwa Mwenye Heri huko Lyon tarehe 22 Mei 2022.

Kuna jambo lingine la kututia moyo. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, Rais wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari alikuwa Mtanzania, Askofu Mkuu Protase Rugambwa, ambaye mwaka 2023 alifanywa Kardinali. Senti za wiki zilizoanza kukusanywa Lyon zikaja kusimamiwa na mtoto wa nchi iliyowahi kuzipokea. Katika Kanisa hakuna mtoaji wa kudumu wala mpokeaji wa kudumu.

Kwetu Mbulu tunaijua historia hii. Jimbo Katoliki la Mbulu lilianza kama Prefektura ya Kitume mwaka 1943 na likawa Jimbo mwaka 1953, likihudumiwa na Wapallotti waliotoka mbali. Ndugu zetu Walutheri nao wana Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari kutoka Norway. Huko Norway kwenyewe, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1963 kupeleka vijana nje ilibadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili vijana waende pande zote mbili badala ya upande mmoja. Kituo cha Hald kilichoko mji wa Mandal huwaandaa vijana wa Norway pamoja na vijana wa nchi za kusini kwa mabadilishano ya namna hiyo. Kijana wetu akitumwa Ulaya, naye achukue daftari la pande mbili. Huko naye atapewa kitanda cha mtu.

Tunawaomba basi mambo mawili. Msitudai barua zinazotufanya tuonekane hatuna kitu ili mchango wenu uonekane mkubwa. Na mkipokea taarifa yenye orodha ya ndoo na maziwa, isomeni hadi mwisho, maana hao ni wahisani wenzenu.

6. WAJIBU WA KAMATI KABLA YA KUPOKEA

(a) Hakikisheni kijana ana kibali halali cha ukaazi. Kwa kawaida wamisionari na watu wa kujitolea hupewa kibali Daraja C. Msimruhusu aanze kazi kwa viza ya utalii.
(b) Iulizeni familia nzima, si baba peke yake. Mama na binti wa nyumba ndio watakaobeba mzigo, na waseme kwanza.
(c) Andikeni ratiba ya wiki kabla hajafika, na ndani yake wekeni siku ya jembe na siku ya kupumzika.
(d) Teueni mlezi na mwalimu wa lugha.
(e) Mpeni daftari siku ya kwanza, na mweleze sababu.

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Mgeni wa mwisho aliyekaa katika parokia yetu alipokea nini kutoka kwetu? Nani alikitoa? Je, jina la mtu huyo liko katika taarifa yoyote?
2. Sisi wenyewe tumewahi kuandika maombi ya msaada tukijieleza kuwa hatuna kitu? Tulificha nini?
3. Mama wa Tumati alipouliza habari ya maziwa, sisi tungemjibuje?
4. Tufanye nini wiki hii ili mzigo wa ukarimu usiwaangukie wachache?

HITIMISHO

Huenda mnajiuliza ile familia iliishia wapi. Tulikwenda kuomba msamaha. Tulimwandikia pia yule binti, naye alihuzunika sana. Baada ya wiki chache aliandika barua ya pili, na safari hii hakuiandikia ofisi wala wahisani. Alimwandikia mama, kwa Kiswahili chenye makosa mengi. Alitaja maziwa. Alitaja usiku mmoja wa Julai ambapo mama alimfunika kwa shuka lake mwenyewe akidhani amelala. Alitaja njia ya kisimani na jina la mdogo aliyemfundisha kubeba ndoo bila kumwaga. Barua ilisomwa kwenye jumuiya. Mama alisema tu, "Mwanangu ameandika." Kisha akauliza kama ofisi ina kijana mwingine anayetafuta mahali pa kulala.

Tunaye. Na daftari lake tumeshalinunua.

Mungu awabariki nyote, wanaotoa wakionekana na wanaotoa bila kuonekana.